Viota vya Ndege Chini ya Matandazo

Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, wakulima huleta ofisini kwa Afisa wa Kilimo vitu vya namna nyingi walivyovikuta mashambani, wakitaka kujua kama ni ugonjwa au ni wadudu. Kimojawapo, ambacho mara nyingi huletwa ndani ya kiberiti, ni kijikombe kidogo sana cha rangi ya kijivu au ya udongo, ambacho mdomo wake hauzidi upana wa punje ya mahindi. Ndani ya kijikombe hicho mna vitu vinne, vitano au zaidi, vya mviringo na bapa, vyeusi au vya kijivu, kama mayai ya ndege mdogo kuliko ndege wote wa dunia hii.

Mwenye kuleta kiberiti huwa na wasiwasi. Mmoja alidhani ni mayai ya konokono yatakayotoka na kumaliza kabichi zake. Mwingine amekwisha kukusanya matandazo yote yaliyokuwa chini ya migomba na kuyachoma moto. Wa tatu amenunua dawa ya ukungu kwa fedha nyingi, amenyunyiza mara mbili, na vikombe vingali pale pale vikimtazama. Hasara ya hawa wawili wa mwisho haikuletwa na vikombe bali na hofu, na kwa sababu hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu.

Kwanza, hayo si mayai, wala hakuna mdudu ndani yake. Ni uyoga. Wataalamu huuita uyoga wa kiota cha ndege, na jamii yake huitwa Nidulariaceae, neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya kiota kidogo. Aina zinazoonekana zaidi katika mashamba na bustani ni za kabila la Cyathus. Hauli mmea ulio hai. Chakula chake ni vitu vilivyokufa: vijiti, mabua ya mahindi, maganda ya miti, vumbi la mbao, majani makavu na samadi. Ukiuona, ujue kwamba matandazo yako yanaoza vizuri na kurudi kuwa udongo.

UMBO LAKE

Sehemu kubwa ya uyoga huu haionekani. Ni nyuzi nyembamba sana, nyeupe, zinazopita ndani ya mti uliooza au samadi na kuula polepole. Wakati wa unyevu nyuzi hizo hukusanyika mahali pamoja na kufanya kidonge chenye manyoya manyoya juu ya kijiti. Kidonge hukua, kinakuwa kama pipa dogo, na juu yake pamefunikwa kwa ngozi nyembamba kama ngoma. Yaliyo ndani yakikomaa, ngozi hupasuka na kutoweka, na ndipo kikombe kinapokuwa wazi.

Kikombe chenyewe kwa kawaida huwa na kimo cha milimita 5 hadi 15, na mdomo wa milimita 4 hadi 8. Katika kabila la Cyathus ukuta wake una tabaka tatu, kama mtu aliyevaa shati, fulana na koti. Kwa hiyo kikombe ni kigumu kuliko uyoga wa kawaida, ambao ukiuacha siku mbili huwa ute. Hiki huweza kukaa miezi kadhaa, hata baada ya kuwa kitupu. Kuna aina moja, Cyathus striatus, ambayo ukuta wake wa ndani una mistari iliyosimama kama bati la mabati ya nyumba. Nyingine, Cyathus olla, ni laini ndani na mdomo wake umepanuka kama tarumbeta.

Yale yanayoitwa mayai ni vifurushi. Kila kimoja kina upana wa milimita moja au mbili hivi, na umbo lake ni kama punje ya dengu iliyopungua. Kina ganda gumu, na ndani ya ganda mna spora, yaani vumbi la mbegu za uyoga, maelfu kwa maelfu. Hapa ndipo uyoga huu unapotofautiana na ndugu zake. Uyoga tunaoujua, wenye mwavuli, una mikunjo chini ya mwavuli wake, na spora hudondoka kutoka katika mikunjo hiyo zikachukuliwa na upepo. Lakini uyoga wa kiota umezifungia spora zake ndani ya ganda, na upepo hauwezi kufungua ganda wala kuinua kifurushi. Basi hutokaje humo kikombeni?

SWALI LILILOKAA MIAKA MIA TATU

Si wakulima peke yao walioshangaa. Mtaalamu wa mimea aitwaye Carolus Clusius aliutaja uyoga huu katika kitabu chake cha mwaka 1601, na tangu hapo watu wa Ulaya waliuandika na kuuchora mara nyingi bila kujua vifurushi hutokaje. Walikuta vikombe vilivyojaa, wakakuta vikombe vitupu, wala hawakumwona aliyevitoa. Ni kama mtu anayehesabu kuku wake jioni na kukuta wamepungua, naye hajaona mwewe wala kicheche.

Mwaka 1927 Mmarekani aitwaye G. W. Martin alitoa rai kwamba mwizi huyo ni tone la mvua. Baadaye A. H. Reginald Buller, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Kanada, alilishika jambo hilo. Kisha Mkanada mwingine, Harold J. Brodie, akalifuata kwa miaka mingi, akidondosha matone ya maji juu ya vikombe na kupima vifurushi vimefika wapi. Maelezo yake juu ya vikombe vinavyorusha kwa nguvu ya tone yalitolewa mwaka 1951, na mwaka 1975 alitoa kitabu kizima kuhusu uyoga huu. Huenda mtu akacheka kusikia kwamba bwana mzima alitumia maisha yake kudondosha maji ndani ya kikombe kidogo kuliko kifundo cha kidole. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya kufahamu mengi kuhusu tone la mvua, na tone la mvua ni jambo kubwa kwa mkulima, kama tutakavyoona.

KAZI YA TONE

Tone kubwa la mvua lina upana wa milimita 4 hivi. Likianguka kutoka mawinguni hufikia kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 30 kwa saa, kama baiskeli inayoteremka mlima. Sasa linganisha: tone la milimita 4, na mdomo wa kikombe wa milimita 4 hadi 8. Kikombe kimekatwa kwa kipimo cha tone. Tena kuta zake hazikusimama wima kabisa bali zimeegemea nje kama faneli. Tone likitumbukia ndani hugonga chini, halina pa kwenda, basi maji yake hupanda kwa nguvu ukutani na kutoka kwa kuruka juu na pembeni. Vifurushi vilivyo chini huchotwa na maji hayo na kurushwa navyo.

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Miami, kilicho katika jimbo la Ohio, Marekani, walitoa habari za picha walizopiga kwa kamera ya kasi sana. Waliona kwamba vifurushi hutoka kwa kasi ya mita 1 hadi 5 kwa sekunde, na kwamba uyoga hutumia sehemu moja au mbili tu katika mia za nguvu ya tone. Nguvu nyingine yote hupotea katika maji yanayotawanyika. Hata hivyo hiyo kidogo yatosha kukipeleka kifurushi umbali wa mita moja hivi. Kwa kitu chenye upana wa milimita moja au mbili, hiyo ni safari kubwa.

Manyunyu membamba hayafanyi kazi hii. Linalotakiwa ni tone zito, la mvua kubwa au lile linalokusanyika kwenye ncha ya jani la mti na kuanguka. Ndiyo maana vikombe vilivyo chini ya miti na migomba humwagwa vizuri: kila jani lililo juu yao ni kama mfereji.

KAMBA ILIYOFICHWA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la ajabu kuliko yote. Katika kabila la Cyathus kifurushi hakikulala kikombeni ovyo kama punje ndani ya debe. Chini yake kina kitovu, na katika kitovu hicho kimefungwa kwenye ukuta wa kikombe kwa kijiti kifupi laini. Sehemu ya kijiti hicho iliyo karibu na kifurushi ni kifuko. Ndani ya kifuko mna uzi uliokunjwa na kusokotwa, mwembamba lakini imara, ambao ukinyooshwa ni mrefu mara nyingi kuliko kikombe chenyewe. Na kwenye ncha ya uzi ile iliyo huru, kuna fundo la nyuzi zenye kunata kama ulimbo wa kunasia ndege.

Maji yanapoingia chini ya kifurushi kwa nguvu, kifuko hupasuka. Kifurushi hurushwa hewani kikiburuta ile ncha yenye ulimbo. Ikiwa njiani kuna shina la nyasi au kijiti, ulimbo hugusa na kushika papo hapo. Lakini kifurushi hakijui kwamba mkia wake umeshikwa. Kinaendelea kuruka, na uzi unafunguka kutoka kifukoni mpaka umekwisha. Hapo kifurushi huvutwa ghafula, kikageuka na kulizunguka shina pamoja na uzi wake, mzunguko mmoja, wa pili, kama mbuzi aliyefungwa kambani anavyozunguka kigingi hata kamba ikaisha. Jambo hili lote hupita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Uzi ukikauka, kifurushi kimekwisha kufungwa kwenye nyasi, tena juu, si chini.

Kwa nini juu ya nyasi? Iangalie aina iitwayo Cyathus stercoreus, ambayo hupenda kuota juu ya samadi na katika udongo uliotiwa samadi. Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe hali nyasi zilizo karibu na mavi yake mabichi. Huziruka na kwenda kula penginepo. Kwa hiyo kifurushi kikidondoka pale pale kwenye mavi hakitaliwa. Sharti kiende mbali kidogo, na kishike jani kwa kimo ambacho mdomo wa mnyama utafika. Ng'ombe akila jani hilo hula na kifurushi. Ganda huyeyuka tumboni, spora hutoka pamoja na mavi mapya, mahali pengine kabisa, na chakula chao kimekwisha andaliwa. Brodie aliona kwamba spora za aina hii humea vizuri zikiisha kukaa katika joto la karibu digrii 40, ambalo halipiti sana joto la mwili wa ng'ombe. Ng'ombe hadhuriki hata kidogo.

Aina zinazoota juu ya miti iliyooza hazina haja ya ng'ombe. Kifurushi hukaa kwenye kijiti kilichoshika mpaka ganda lioze au litafunwe na wadudu, kisha spora humea. Kuna faida nyingine tena ya kusafiri kwa kifurushi badala ya moja moja. Uzi unaotoka katika spora moja peke yake kwa kawaida hauwezi kufanya kikombe. Lazima ukutane na uzi mwingine unaolingana nao, ndipo waungane. Spora iliyochukuliwa na upepo peke yake yaweza kukaa mjane siku zote. Lakini katika kifurushi bwana arusi na bibi arusi wamesafiri katika mfuko mmoja.

Si viota vyote vilivyo na kamba. Kabila la Nidula halina uzi wowote. Vifurushi vyake vimelala ndani ya ute unaonata, na vikirushwa hushika kwa ute huo.

UTAUTOFAUTISHAJE NA ADUI?

Katika mashamba ya milimani kuna kuvu ambayo kweli ni adui, nayo ni Armillaria, inayooza mizizi ya michai, mikahawa na miti ya matunda. Adui huyu hutoka katika visiki na mizizi ya miti ya msitu iliyobaki ardhini. Dalili zake hazifanani na vikombe hata kidogo. Mti hugeuka manjano, hunyauka na kufa, na baada yake jirani yake hufuata. Ukibandua ganda karibu na ardhi, chini yake utaona utando mweupe umelala juu ya mti, wenye harufu ya uyoga. Ukiona hivyo usingoje: ng'oa mti pamoja na mizizi yake yote, ondoa visiki vilivyo karibu, na umwite Afisa wa Kilimo. Anayetaka kufyeka miti ili apande chai afanya vizuri kuimenya ganda pande zote na kuiacha isimame ikauke kabla ya kuikata, ili chakula kilichowekwa mizizini kiishe na kuvu isipate cha kula.

Basi mtu aliyekuta vikombe chini ya mti unaokufa asilaumu vikombe. Abandue ganda atazame.

Mwingine anayechanganywa na viota ni Sphaerobolus, ambaye pia huota katika matandazo ya mbao. Huyu hangoji tone la mvua. Tabaka lake la ndani hubinuka ghafula na kurusha kifurushi kimoja cheusi hadi mita 5 na zaidi, akielekea penye mwanga. Ukuta mweupe ulio karibu hupata madoadoa meusi kama lami, ambayo hayatoki kwa urahisi. Mimea haina hasara, ila mwenye nyumba hukasirika.

TONE HILO HILO KATIKA KAHAWA

Tulisema tone la mvua ni jambo kubwa. Uyoga wa kiota umejitengenezea kikombe cha kulitumia, lakini kuna wengine wanaolitumia bila kikombe. Ugonjwa wa chule ya kahawa, ambao uligunduliwa hapa Kenya mwaka 1922 na ambao hutia doa jeusi na kuozesha buni changa, huenea kwa njia hii. Spora zake zimeshikana kwa ute, upepo mkavu hauziinui. Maji ndiyo yanayoziloweza, na tone likigonga buni mgonjwa huruka vipande vipande, kila kipande kimebeba spora kwenda kwa buni mzima aliye jirani au aliye tawi la chini. Kwa sababu hiyo mkulima huambiwa anyunyize dawa kabla mvua haijashika, apogoe matawi ili miti ikauke upesi, na aondoe buni wagonjwa waliobaki mtini. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizalishwa ili kustahimili ugonjwa huo.

Vivyo hivyo katika nyanya na maharagwe. Tone linalogonga udongo mtupu hurusha matope pamoja na vijidudu vya magonjwa vilivyo udongoni mpaka kwenye majani ya chini. Tone linalogonga matandazo huvunjika nguvu. Sasa mfikirie yule aliyechoma matandazo kwa kuogopa vikombe: amepoteza mbolea, ameacha udongo ukauke, na amefungua njia ambayo magonjwa ya kweli hupitia.

Kuna faida moja zaidi. Uyoga huu una uwezo wa kuvunja lignini, yaani kile kinachoupa mti na bua ugumu wake, kitu ambacho tumbo la ng'ombe haliwezi kukivunja. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi Cyathus stercoreus iliyotolewa katika mavi ya ng'ombe inavyooza majani makavu ya ngano kwa namna hiyo. Mkulima hahitaji kufanya lolote. Rundo lake la mboji lenye mabua lapata mfanyakazi asiyedai mshahara.

KUJIONEA MWENYEWE

Walimu wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila gharama. Tafuta kijiti chenye vikombe vilivyojaa. Ikiwa vimekauka, viweke juu ya kitambaa chenye maji mpaka vilainike, maana uzi mkavu haukunjuki. Vibandike kwa udongo vikiwa vimesimama wima juu ya karatasi kubwa nyeupe, na kando yake simamisha mabua machache ya nyasi. Kisha mtu apande juu ya meza au ngazi na kudondosha maji tone moja moja kutoka kwenye mrija. Kadiri mahali pa kudondoshea panavyokuwa juu ndivyo tone linavyopata kasi. Matone mengi yatakosea shabaha, na watoto watafurahi kwa hilo. Lakini moja likiingia kikombeni, vifurushi vitaonekana juu ya karatasi, navyo vipimwe kwa rula vimekwenda umbali gani. Vichunguzwe na vile vilivyoshika nyasi, kwa kioo cha kukuzia kama kipo. Uzi utaonekana umezunguka bua. Watoto waambiwe wasivitie mdomoni. Vikombe hivi haviliwi, ni vigumu na vidogo mno, na haifai mtoto kuzoea kuonja uyoga asioujua.

Vikombe vikizidi katika visanduku vya miche na hupendi kuvitazama, vichomoe kwa mkono, chokonoa udongo wa juu kidogo, na upunguze kumwagilia kwa siku chache. Dawa isinunuliwe kwa ajili hiyo. Na ukiona vidoa vyeusi vimenata kwenye majani ya sukuma wiki yaliyo karibu na matandazo, ni vifurushi vilivyorushwa na mvua ya jana. Visugue kwa kidole penye maji kabla ya kupeleka mboga sokoni.